Wali Haukushika Chini

Wewe ukiulizwa na daktari unafanya kazi gani, unajibu nini? Mie niliulizwa mara nne katika mwaka mmoja, na mara zote nne nilijibu hivyo hivyo: sina kazi, niko nyumbani tu. Nesi akaandika "mama wa nyumbani", akanionyesha benchi la kusubiri. Sikudhani nimesema uongo. Nilikuwa nimevaa kitenge cha kutokea na nimeoga.

Mwili ulianza kuniuma mwezi wa kwanza, sikukuu zilipokwisha. Haukuchagua mahali. Leo mabega, kesho kiuno, keshokutwa viganja, hata kifuniko cha chupa ya chai nikawa namwita mjukuu wangu Jenipher anifungulie. Nikilala saa tatu naamka alfajiri nimechoka kuliko nilivyolala, kama vile kuna mtu alinikodisha usiku akanirudisha kabla hakujapambazuka. Homa hamna, uvimbe hamna. Nikiwaambia watu wananitazama usoni, wanasema mbona unang'aa, Mama Deo. Basi nikawa mgonjwa anayeng'aa.

Tunakaa Tandale, nyuma ya soko, chumba na sebule. Jenipher anasuka nywele saluni ya barabarani. Baba yake, mwanangu Deogratias, amejenga Tegeta, lakini Jenipher anasema Tegeta ni mbali na vichwa vyake.

Nilianza na duka la dawa. Kijana aliyekuwa dirishani aliniuliza swali moja tu, nakojoa mara ngapi. Nikamwambia. Akasema UTI. Nikameza dawa siku saba. Nilipokwenda maabara ya uchochoroni kwetu wakasema UTI imepungua ila kuna taifodi. Nikameza siku kumi na nne. Maabara ya pili wakasema taifodi imekwisha ila UTI imerudi. Nikaona hawa wawili wanapokezana zamu, na mwili bado unauma.

Jirani yangu mzee Nurdin, anayeuza mizizi na magome pale sokoni, akasema hilo halitaki hospitali, nimepigwa na upepo mbaya. Akanipa chupa ya lita moja na nusu yenye maji meusi, kikombe kimoja kutwa mara tatu. Nikashinda chooni siku mbili. Nilipotoka mwili ulikuwa unauma vile vile, ila nilikuwa mwepesi.

Deogratias akasema ni godoro. Akaleta jipya, la inchi nane, gumu kama meza ya mwalimu. Akalikalia, akaruka ruka, akasema, "Mama, hili linanyoosha mgongo." Nikalilalia. Asubuhi nikaamka nimechoka juu ya godoro zuri.

Katikati ya hayo yote nilikuwa nameza vidonge vya maumivu, vile vidogo vya njano, viwili asubuhi na viwili jioni. Tumbo likaanza kuwaka moto. Jenipher akasoma kwenye simu yake, akaizima. Nikamuuliza wameandika nini. Akasema, "Bibi, tuachane na simu."

Sasa niseme jambo ambalo daktari sikumweleza kwa sababu hakuniuliza. Kwenye jumuiya yetu ukitokea msiba kuna wanaochangisha, kuna wanaoongoza sala, kuna wanaokaa mkekani na wafiwa, na kuna mie. Mie nashika jiko. Nimelishika tangu Deogratias hajaota ndevu, na sasa ana upara. Nina mwiko wangu mwenyewe, mrefu kama mpini wa jembe, una alama ya kuungua karibu na mkono. Wali wa watu mia tatu haupikwi kwa kubahatisha. Mchele lazima uchambuliwe kwenye ungo hata kama mfuko umeandikwa umeshachambuliwa. Maji ni bakuli moja na nusu kwa kila bakuli la mchele, mchele mpya unapunguza kidogo. Yakikauka unavuta kuni, unaacha makaa, na mengine unayapalia juu ya kifuniko. Ukikosea hapo, chini unashika na juu una kiini, na watu wanaondoka msibani wakiusema wali badala ya marehemu.

Na usifikiri napika kwa sababu ya sifa. Mtaani kwetu alikuwepo mzee Nikodemu, mtu mpole, hana deni na mtu, hana ugomvi. Kasoro yake ilikuwa moja, haonekani misibani. Alipofariki yalikodiwa maturubai mawili na viti mia moja. Vilikaliwa ishirini na kitu, na hapo umehesabu na cha mwenye turubai. Vingine vilibaki vimepangana vile vile kama vilivyoshushwa kwenye gari la kirikuu. Mie nilipika siku ile, wali ukabaki masufuria mawili. Nilivitazama vile viti mpaka jioni. Ndiyo maana mwili ulipoanza kuniuma sikuogopa kufa. Niliogopa kushindwa kusimama jikoni, halafu siku yangu ikifika watu wakumbuke kwamba siku hizi Mama Deo haonekani.

Basi Deogratias akanipeleka kituo cha afya kule kwao Tegeta. Daktari alikuwa kijana, jina lake limeshonwa kifuani kwenye koti, Brightson. Akasimama aliponiona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Karibu. Niambie polepole, sina haraka."

Nilikuwa sijawahi kusikia daktari akisema hivyo, nikajua foleni nyuma yangu hainipendi. Nikamwambia yote, hata ya maji meusi. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema sina kazi, niko nyumbani tu. Akaniuliza kama nanyanyua vitu vizito. Nikasema hapana, nikifikiria vitu vya nyumbani kwangu, ambavyo kizito zaidi ni hilo godoro. Akabonyeza mabega, akakunja magoti yangu, akachukua damu chupa tatu. Akapima sukari, presha, tezi ya shingoni, figo, na vingine ambavyo sikushika majina.

Majibu yakatoka mazuri. Damu tu ilikuwa pungufu kidogo. Akasema, "Mama, sijaona ugonjwa mkubwa." Nikaona aibu, kama mtu aliyewaita zimamoto kumbe ni moshi wa samaki.

"Kwa hiyo siumwi?"

"Sijasema huumwi. Nimesema vipimo havijaonyesha. Hayo ni mambo mawili."

Akanipa vidonge vya damu, akanikataza vile vya njano, akaniambia ninunue daftari. Kila siku niandike nimefanya nini, nimelalaje, na wapi panauma, nikiyapa maumivu namba kutoka sifuri mpaka kumi. Nikamuuliza kumi ni maumivu gani. Akasema ni makali kuliko yote niliyowahi kuyapata. Nikamtazama Deogratias aliyekuwa amekaa pembeni na funguo za gari. Kumi nikaiweka kuwa ni siku niliyomzaa huyo.

Darasa la saba nilimaliza kule Ndanda na mwandiko wangu ulisifiwa, kwa hiyo daftari lile halikunisumbua. Niliandika hivi:

Jumatatu. Nimefua, nimekwenda sokoni kununua dagaa. Usingizi wa wastani. Kiuno 4.

Jumatano. Msiba wa mkwe wa mama Fredrick. Mchele kilo arobaini, nyama kilo ishirini na tano. Kuni mbichi, moshi mwingi. Usingizi hamna.

Alhamisi. Mabega 7, viganja 7. Ugali kasonga Jenipher. Una madonge.

Nikaendelea hivyo. Katika wiki ya tatu akafariki dada yangu Benedicta, wa Manzese. Alikuwa na presha. Tulizaliwa wawili tu wa kike. Ndiye aliyenitangulia kuja Dar, ndiye aliyenipokea stendi, na miaka yote alikuwa akikaanga mihogo pembeni ya Barabara ya Morogoro. Alikuwa na tabia moja ya kitoto: alipenda ukoko. Popote nilipopika alikuwa anakuja na kibakuli chake, anasubiri masufuria yamalizike, ananiambia, "Mdogo wangu, leo umeniunguzia kidogo?" Nikimwambia haukushika chini, ananuna kweli kweli, mtu mzima na miaka sabini.

Nilipofika Manzese nilivua viatu, nikakaa mkekani katikati ya watoto wake. Nilikaa kiasi cha kunywa kikombe cha maji. Herieth, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu, akaja akachuchumaa mbele yangu. Ni mwanamke mwema, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na hapo alikuwa anajitahidi kunong'ona.

"Shikamoo Mama Deo. Pole, pole sana. Mungu akutie nguvu."

"Ahsante."

"Sasa Mama Deo, sitaki kukusumbua. Hawa wenzetu wa huku wamebandika maji bila kupima."

Nikasimama. Hata kanga sikuifunga upya.

Mwezi ulipotimia nikarudi Tegeta na daftari langu. Daktari Brightson akalisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta jina kwenye matokeo ya mtihani.

"Mama, hii kilo arobaini ni ya nini?"

"Mchele."

"Wa biashara?"

"Wa msiba. Mkwe wa mama Fredrick."

"Ni ndugu yako?"

"Simjui. Mama Fredrick mwenyewe namjua kwa sura."

Akageuza ukurasa. "Na huku kilo thelathini?"

"Kipaimara."

"Na hii?"

"Msiba. Na huo wa chini yake msiba. Ule wenye mbuzi ni harusi."

Akahesabu. Katika siku thelathini na mbili nilikuwa nimepika mara nane. Akachora mstari chini ya kila siku niliyopika, na mstari mwingine chini ya siku iliyofuata. Namba zote kubwa zikawa zimekaa kwenye hiyo mistari ya pili. Akanigeuzia daftari nione.

"Mama, uliniambia huna kazi."

"Sina."

"Na hii ni nini?"

"Huo ni msiba, daktari."

"Kunyanyua sufuria la kilo arobaini siyo kazi?"

"Peke yangu sinyanyui. Tunakuwa wawili."

"Nani anakulipa?"

"Mtu analipwaje kwenye msiba?"

Akachukua faili langu, akakata "mama wa nyumbani", akaandika "mpishi". Nikamwambia afute, watu wasije wakadhani nina hoteli. Hakufuta.

Kisha akafika kwenye ukurasa wa Benedicta. Akausoma kwa sauti. "Msiba wa dada yangu Benedicta, Manzese. Mchele kilo sitini. Wali haukushika chini. Maumivu sifuri." Akaniangalia. "Basi?"

"Ndiyo. Ulitoka vizuri."

"Maumivu sifuri?"

"Siku ile sikusikia kitu."

"Kesho yake umeweka kumi."

"Ndiyo."

"Kumi ile ya kujifungua?"

"Ile ile."

Akaliweka daftari mezani. "Mama, siku ile ulilia?"

"Machozi yalitoka. Palikuwa na moshi."

"Siulizi moshi."

Nikasema nilikuwa na masufuria manne, mtu hawezi kulia na masufuria manne. Nje walikuwa wanagonga mlango, na yeye akasema subirini.

Akanieleza, na nayasema kama alivyosema. Alisema hanidanganyi kwamba amepata jina la ugonjwa, hajalipata, na wapo watu wengi wanaumwa hivi na hakuna kipimo kinachoonyesha, na maumivu yao ni ya kweli, hawajifanyi. Alisema mwili wangu umri huu ukifanyishwa kazi ya siku tatu kwa siku moja unadai siku nne za kulala, nami nakuwa sijaulipa hata moja. Na huzuni nayo inauma mwilini, hasa ile isiyopewa nafasi. Hakusema ndiyo sababu yote. Alisema ni sehemu, nyingine hajui.

Dawa akanipa za damu tu. Mengine yalikuwa maagizo. Nitembee kila asubuhi, nianze na dakika kumi, wiki inayofuata niongeze tano. Siku nikijisikia nafuu nisifanye kazi zote zilizolala, nigawe. Nilale na kuamka saa zile zile. Jikoni nikae kwenye kiti, kunyanyua wanyanyue wengine. Maumivu yakizidi, au nikikonda, au nikipata homa, nirudi hapo hapo bila kungoja tarehe.

"Na misiba, mama, nusu."

"Nusu ya msiba?"

"Nusu ya kazi. Wafundishe wengine."

Nikamuuliza lile lililokuwa moyoni. "Nisipopika, siku yangu nani atakuja?"

Akafikiri sana. Akasema, "Hilo halimo kwenye utabibu, mama." Nikampenda kwa hilo, maana wengine wote walikuwa wanajua kila kitu.

Nikaanza kutembea. Nilikuwa natoka Tandale kuelekea Manzese, mwanzoni naishia kwenye mashine ya kusaga, baadaye nikawa nafika mpaka daraja la waenda kwa miguu, naangalia mabasi ya mwendokasi yanavyopita chini, narudi. Mtaa haukunielewa.

"Mama Deo, kwema? Unakwenda wapi asubuhi yote hii?" mzee Nurdin aliniuliza.

"Siendi popote. Natembea."

"Umetumwa?"

"Hapana."

"Umepoteza kitu?"

"Sijapoteza."

Akatikisa kichwa. Alipokuwa ananiona naumwa hakuwa na wasiwasi kiasi kile. Siku ya tatu alinifuata na chupa nyingine. Nikamshukuru, nikaimwaga kwenye mchicha.

Msibani nako nilikwenda na kigoda changu. Herieth akaniona nakikalia mbele ya mafiga, akapaza sauti, "Jamani, mgeni rasmi kaja na kiti chake! Nani atasoma risala?" Wakacheka wote, nami nikacheka, nikapika nimekaa. Sufuria wakanyanyua wao. Namba zikaanza kushuka kwenye daftari, saba ikawa tano, tano ikawa nne. Sikupona. Kuna asubuhi niliamka na sita bila sababu, sikupika, sikufua, sita tu imekuja. Daktari alishaniambia zipo siku za hivyo, nisizigombeze. Nikaziandika tu, nikatembea nusu ya dakika zangu.

Lililobaki halikuwa na namba. Arobaini ya Benedicta ilikuwa inakaribia. Jenipher alikuwa anajua, maana alikuwa analisoma daftari nikiwa nimetoka.

"Bibi, mwambie Anti Herieth."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikimwona."

Nilimwona Jumapili, tukazungumza habari za vitunguu. Nilimwona Jumatano kwenye sala ya jumuiya, tukazungumza kama tununue nyama Manzese au tutoke nayo Tandale. Ijumaa alinipigia simu, nikamwambia asisahau vifuniko. Kila nikifungua mdomo naviona vile viti vya mzee Nikodemu.

Jumamosi yenyewe nilifika Manzese saa mbili asubuhi. Uchochoro ulikuwa umefagiliwa, turubai limefungwa kuanzia ukuta wa jirani fundi wa mageti, naye siku ile alikuwa amezima mashine yake. Mkeka ulikuwa umetandikwa kibarazani, ule ule, watoto wa Benedicta wamekaa na wajukuu mapajani. Palikuwa na nafasi upande wa ukutani, upana wa mtu mmoja. Kwenye dirisha, juu ya ile nafasi, mtu alikuwa ameweka kibakuli cha dada yangu cha ukoko, kimeoshwa, kimefunikwa.

Uani masufuria manne yalikuwa tayari kwenye mafiga na moto umewashwa. Akina mama wa jumuiya wamejifunga kanga viunoni. Herieth akanijia na mwiko wangu, ameushika kwa mikono miwili.

"Haya kamanda, tulikuwa tunakungoja wewe tu. Maji yamechemka. Kigoda chako kile pale, na leo nimekuwekea na mto, usije ukaniambia sikupendi."

Nikaupokea mwiko. Nikakitazama kigoda, kweli kilikuwa na mto, wa maua. Nikatazama maji, yalikuwa yanachemka vizuri. Wote wanasubiri kipimo. Mwili siku ile ulikuwa tatu, mabegani, hakuna kilichokuwa kinanizuia kupika.

"Mama Deo, vipi? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa kuna ishu gani?"

Nikamrudishia mwiko, nikaushikilia kidogo mkononi mwake asije akauangusha.

"Herieth, mie leo sipiki. Bakuli moja na nusu la maji kwa moja la mchele, mnajua, mmeniona mara mia. Ukishika chini, uacheni ushike. Nataka kukaa pale mkekani, nimlilie dada yangu."